Kinyozi Aliyeambiwa Anyamaze

Mimi ni kinyozi, na mtaani wananiita Chiriku. Jina hilo sikulichagua wala silipendi, lakini kulikana siwezi, maana aliyelitunga alikuwa kwenye kiti changu mwenyewe, amefungwa kitambaa shingoni, na nilikuwa nimemsimulia harusi ya dada yangu tangu posa hadi mgeni wa mwisho alipotafuta viatu vyake. Alipotoka alimwambia mwenzake aliyekuwa akisubiri kwenye benchi, "Ingia, lakini jiandae. Huyo chiriku hamezi hata mate." Basi likanata, na mpaka leo hata watoto wa shule hunisalimia hivyo.

Kabla hujanicheka, ngoja kwanza. Kinyozi bubu hali chakula. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa mkali, na mambo mawili aliyarudia mpaka nikayaota. La kwanza, kichwa cha mteja hutulia masikio yake yakiwa na shughuli. Msimulie kitu, hatikisiki. Nyamaza, ataanza kujikuna, atageuka kutazama barabarani, na mashine itamla sikio. La pili, mteja akikaa kimya mbele ya kioo, ujue hajapenda. Usimwache hivyo, kijana. Ongeza! Punguza pembeni, chonga mbele, tia neno, mpaka uone meno yake. Nimeyafuata hayo maisha yangu yote, nimejenga nayo na kusomesha nayo. Ndiyo hayo hayo yaliyotufikisha polisi mimi na ukoo wa mke wangu.

Duka langu lina kiti kimoja, kioo kilichopasuka kona moja, na benchi la nje ambalo kila mwenye miguu iliyochoka anadhani ni la serikali. Anakaa fundi, anakaa mama aliyetoka sokoni, anakaa msukuma mkokoteni akisubiri mzigo. Jirani yangu ukuta kwa ukuta ni muuza vitambaa, mtu mpole, na nyuma ya duka lake kuna stoo yenye mlango wa chuma na kufuli kubwa kama ngumi. Pale mtaani naaminika, usione hivi. Watu huniachia mizigo, huniachia simu nizichaji, huniachia hata watoto. Binti mmoja aliyekuwa akimuuzia jirani yangu dukani zamani alikuwa akiniachia mpaka ufunguo wake wa akiba anapokwenda kula, hadi alipoolewa akahama. Sasa mtu anayeaminiwa namna hiyo atakosaje maneno?

Kitu kimoja tu ndicho nisichoaminika nacho, nacho ni funguo. Funguo zangu zote nimezitia kwenye pete moja, na pete hiyo imeshanikimbia mara nyingi kuliko wateja. Sababu ni ile ile: nafunga duka huku naongea. Mkono mmoja unafunga, mwingine unaonyesha jinsi bwana harusi alivyojikwaa, na funguo zinabaki popote zitakapobaki. Mara ya mwisho zilipookotwa kwenye ndoo ya nywele, mke wangu hakupiga kelele. Aliniambia taratibu tu, "Ukizipoteza tena, baba watoto, utalala huko huko dukani na hizo nywele." Nikaapa kwa kila kitu kinachoapiwa.

Kwa hiyo nilipozipoteza tena, nilimpigia simu shemeji.

Shemeji yangu huyu ni mdogo wake mke wangu, mfuata ziwa lake, na kazi yake ni kutengeneza na kufungua makufuli. Watu humwita Kufuli, na inamfaa kila upande, maana kumtoa neno ni kazi ya siku nzima. Siku naoa, wazee walimtaka aseme machache kwa niaba ya ndugu wa bibi harusi. Akasimama, akatazama viatu, akasema, "Karibu," akakaa. Mimi nilijibu kwa muda mrefu kiasi kwamba chakula kilipoa. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimwonea huruma. Nilidhani kichwani mwake hakuna kitu kinachosubiri kutoka.

Alikuja na mkoba wake wa vifaa begani, akang'oa kufuli langu la zamani, akatia jipya. Nilimshikia misumari na kumweleza habari za dunia. Alipomaliza akauliza, "Zimepotelea wapi?"

"Hapa hapa, nadhani. Kwenye benchi. Au njiani. Unanijua, shemeji."

Alinitazama kitambo. "Zote?"

"Zote, pete nzima! Tafadhali, usimwambie dada yako."

Akacheka kwa pua, akatia bisibisi mkobani, akaenda zake.

Asubuhi ya pili yake jirani alifungua stoo, na ukelele alioutoa ulimfanya mteja wangu aruke na nusu ya ndevu. Majora ya vitambaa vya mapazia, mzigo wake mpya wote, yalikuwa yamekwenda. Na mlango ulikuwa umefungwa vizuri, kufuli liko mahali pake, halina hata mkwaruzo. Jirani alikaa chini kwenye sakafu tupu akashika kichwa. Niliumia kwa ajili yake, na kama kawaida yangu nikaumia kwa sauti, mbele ya watu wote, mpaka askari walipofika wakaniambia, "Wewe unayejua kila kitu, kesho njoo kituoni utueleze."

Wewe ungesikia hivyo, ungeogopa. Mimi nilipiga pasi shati.

Chumba walichonipeleka kilikuwa na meza, viti viwili, saa ya ukutani iliyokufa, na mpelelezi. Alikuwa mtu mwembamba mwenye macho ya usingizi, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba aliyemnyoa hakuwa fundi, upande wa kushoto ulikuwa juu kuliko wa kulia. Akaniuliza jina. Nikampa, pamoja na asili yake. Akauliza kama niliona mtu yeyote nisiyemjua karibu na stoo. Nikasema hapana. Hapo kazi ilikuwa imekwisha. Mtu mwenye akili angeaga, angerudi kwake akanywe chai.

Lakini mpelelezi hakusema nenda. Aliweka kalamu chini, akanitazama, akanyamaza.

Sasa nielewe. Mimi nimezoea kusimama, mwenzangu akae. Siku hiyo niliyekaa ni mimi, na mbele yangu kuna uso usioonyesha meno. Moyo wangu ukaniambia kile nilichofundishwa: hajapenda. Nikaongeza.

"Kufuli halikuvunjwa, afande. Hiyo si kazi ya mwizi wa kuruka ukuta. Huyo ni mtu wa fani."

Kimya. Nikapunguza pembeni.

"Na kufuli kama lile, kwa mtaa wetu, wa kulifungua bila kulivunja hawapo. Hawapo kabisa. Labda shemeji yangu! Yule anafungua makufuli huku anakunywa chai, wala hamwagi." Nikacheka. Nilikuwa namsifia, jamani. Kila mtu ana ndugu wa kujivunia.

Mpelelezi akachukua kalamu. Akaandika! Na mimi, mpumbavu mimi, nilipoona anaandika nilifurahi kama mteja aliyekuwa amenuna amenionyesha jino la kwanza.

"Shemeji yako hufika pale dukani?"

"Hufika sana. Hata juzi alikuwepo."

"Amebeba nini?"

"Mkoba wake wa vifaa."

"Alikuja kufanya nini?"

Hapo ndipo niliponyamaza kidogo kwa mara ya kwanza tangu niingie. Nilimwona mke wangu. Niliiona ndoo ya nywele nikiwa nimeilalia. Nikijibu ukweli, habari itafika mtaani, na kutoka mtaani hadi jikoni kwangu ni hatua moja. "Alikuja kunisalimia," nikasema.

"Na mkoba wa vifaa?"

"Hauachi, afande. Nadhani hulala nao."

Akaandika hilo pia. Kisha akanishukuru kwa ushirikiano wangu, akanipa mkono. Nilitoka pale kifua mbele, nikamsimulia muuza magazeti nje ya geti jinsi ninavyosaidiana na vyombo vya usalama.

Jioni hiyo walimkamata shemeji akiwa kibandani kwake.

Mke wangu alipata habari kwa simu. Aliiweka simu juu ya meza, akavuta kiti, akanikalia mbele. "Uliwaambia nini polisi?"

Nikamweleza. Nilianza vizuri, lakini kadiri nilivyoendelea nilijisikia mwenyewe, na hadithi ikazidi kuharibika mdomoni.

"Kwa hiyo ulimsifia," akasema.

"Nilimsifia."

"Kwa polisi."

"Mke wangu..."

"Kwa kufungua makufuli." Akainuka. "Domo kaya we! Mdogo wangu hajawahi kuiba hata sukari ya mama. Umemtia ndani kwa sifa!" Akalia, na mimi nikakosa pa kutia mikono. Baada ya hapo hakusema nami tena. Ningependa angenitukana tu. Mama mkwe alipiga simu yeye, akasema kwa adabu zote, "Nasikia umemsaidia sana shemeji yako, mwanangu. Ahsante," akakata.

Nilikiri habari ya funguo usiku ule, kwa mgongo wa mke wangu, maana uso hakunipa. Nikamwambia kesho nakwenda kituoni kusema kweli: shemeji alikuja kunibadilishia kufuli, basi, watamwachia. Mgongo haukujibu.

Lakini asubuhi aliniambia nivae, akanipeleka kwa wakili wa ofisi ya msaada wa sheria, mama wa makamo aliyefunga miwani yake kwa kamba shingoni. Alikuwa ametoka kuonana na shemeji mahabusu. Akatuambia shemeji ametaja jina lake na anapokaa, kisha amesema hatajibu swali lolote bila wakili. Tangu hapo wamemuuliza kwa upole, wamemuuliza kwa ukali, na amekaa kama alivyokaa kwenye harusi yangu.

"Lakini si watamwona ana hatia?" nikauliza. "Mtu msafi ananyamazaje?"

"Kunyamaza si kukiri," akasema. "Ni haki yake. Ni yako pia, kama hukuwa unajua."

"Mama, mimi nikinyamaza wataniitia daktari."

Hakucheka. Akavaa miwani. "Nieleze ulichotaka kwenda kuwaambia." Nikamweleza kufuli jipya, mkoba, uongo wangu wa salamu. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, jambo ambalo si watu wengi wameliweza. Kisha akasema, "Ukienda kusahihisha neno moja, hawatakuuliza moja. Watakuuliza neno linalofuata, na linalofuata, na kwa ninavyokuona utawajibu yote. Mpaka sasa walicho nacho juu ya huyu kijana ni maneno yako matupu. Usiwaongezee. Na yeye mwenyewe amenipa ujumbe nikuletee."

Nikakaa sawa. "Anasemaje?"

"Anyamaze."

"Halafu?"

"Basi. Ndio ujumbe wote."

Mke wangu akanigeukia, na ndipo aliposema nami kwa mara ya kwanza tangu jana. "Umesikia? Kama una huruma na mimi, mume wangu, nyamaza. Fanya hilo tu." Alikuwa ananisihi, hakuwa na ukali hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko domo kaya.

Basi nikanyamaza. Utasema ni jambo dogo. We acha tu! Jaribu kumwambia samaki atembee. Maana mtaani kila aliyekaa kwenye kiti changu alitaka habari ile ile, na nilijijua: nikianza na hali ya hewa nitaishia kituoni. Nikaona dawa ni kufunga duka la maneno lote. Nikang'ata kitana kwa meno tangu asubuhi. Mteja wa kwanza alidhani jino linaniuma, akanishauri karafuu. Wa pili alijikuna nikamchora mstari kichwani kama barabara ya vumbi. Wa tatu, mzee aliyekuwa akija kwangu tangu ana nywele nyeusi, alinitazama kwenye kioo akauliza kama amenikosea nini. Nikatikisa kichwa. Akalipa, akaondoka bila kuangalia kisogo chake. Benchi likaanza kubaki tupu, na waliobaki mtaani wakasema Chiriku amenyamaza kwa sababu na yeye alikula mapazia.

Usiku nilikuwa nanong'onea mto. Si mzaha, mke wangu alinisikia.

Ndipo siku moja, jua liko juu, akaingia mpelelezi. Peke yake, shati la kawaida, macho yale yale ya usingizi. Akakaa kwenye kiti changu bila kuuliza, akasema, "Weka sawa pande zote." Halafu akanyamaza.

Nikamfunga kitambaa. Kiti ni changu, kioo ni changu, kimya ni chake. Alinitazama kwenye kioo kama alivyonitazama siku ile kule mezani, na ile kengele ikalia kichwani: hajapenda, ongeza. Niliwasha mashine ili inisemee. Nikaanza na ule upande wa kushoto ulionikera tangu siku ya kwanza.

"Mbona kimya?" akauliza. "Nimeambiwa hapa watu hulipa kunyolewa na kusimuliwa."

Nikang'ata kitana.

"Shemeji yako anapungua. Chakula cha mahabusu unakijua." Akaacha maneno hayo yakae. "Mimi simtakii mabaya. Nataka kitu kimoja tu, kisha namwachia aende nyumbani. Ule mkoba wa vifaa. Hakuja kukusalimia na bisibisi. Alikuja kufanya nini?"

Ewe Mola! Jibu lilikuwa pale, limeshatoka kooni, limekaa juu ya ulimi: alikuja kunibadilishia kufuli. Ni kweli tupu. Halimchongei mtu. Lingemtoa shemeji jioni ile ile, mke wangu angenicheka, mama mkwe angeniita mwanangu kwa sauti ya zamani. Na nisiposema, huyu mtu atasimama atoke, na kijana wa watu ataendelea kulala kwenye saruji kwa sababu mimi ghafla nimejifunza adabu. Niliona ni dhambi kunyamaza. Machozi yakanijaa. Kitu pekee kilichonizuia ni uso wa mke wangu mbele ya yule wakili. Nikauma kitana mpaka jino moja likavunjika. La kitana, nashukuru.

Nikaendelea kunyoa.

Sasa sikiliza ajabu. Kimya kilipozidi, mpelelezi akaanza kujigusagusa kwenye kiti. Akakohoa. Akasema joto limekuwa kali siku hizi. Sikujibu. Akasema kazi ya upelelezi haina shukrani. Nikageuza kichwa chake taratibu. Akasema mkubwa wake anamsumbua, kesi hii haina miguu, mtuhumiwa hajatoa hata salamu, kibandani kwake wamepekua wamekuta makufuli mabovu tu. "Kwa kweli tumemshika kwa maneno yako," akasema, "na wewe nawe umeuchuna. Kesho kutwa itabidi nimwachie." Kisha, kama mtu aliyezinduka, akafunga mdomo, akajitazama kwenye kioo. Nilikuwa nimempaka spiriti na kumpangusa kisogo. Pande zote zilikuwa sawa. Akalipa, akatoka.

Nilikaa kwenye kiti changu mwenyewe, bado kikiwa na joto lake.

Wakamwachia kweli. Alifika kwetu amekonda, ndevu zimemjaa, dada yake akamkumbatia mpaka mkoba ukamponyoka. Mimi nilisimama mlangoni na maneno yangu yote ya pole yaliyokuwa yamejipanga, nikayakosa. Akanipa mkono. "Shemeji," akasema. "Shemeji," nikasema. Tukala.

Haukupita muda mrefu mwizi akajulikana, na si kwa akili ya mtu. Mtaa wa pili, nyumba baada ya nyumba zilianza kuwa na pazia la aina moja, maua mekundu makubwa, na jirani yangu alipopita huko karibu azirai. Aliyewauzia alikuwa msukuma mkokoteni mmoja, mmoja wa wale wale waliokuwa wakipumzika kwenye benchi langu. Alibanwa kidogo tu akasema yote: aliokota funguo, akazijaribu huku na huku, moja ikakubali. Mzigo uliobaki ukarudi, jirani akashukuru Mungu, polisi wakafunga faili. Funguo zenyewe alishazitupa mtaroni, wala hakuna aliyejali aliziokota wapi.

Na mimi? Nilirudi kazini kwa kelele kuliko mwanzo. Benchi likajaa. Niliwasimulia siku nilivyomnyoa mpelelezi bila kumpa hata neno, na kila nilipoisimulia kitana kiliongezeka jino lililovunjika. Nikawa bingwa wa kunyamaza, na nililitangaza hilo mchana kutwa.

Siku shemeji alipokuja kunyoa zile ndevu za mahabusu, nilimfunga kitambaa na kuanza pale pale. "Lakini tukiacha utani, shemeji, mimi bado sijaelewa. Ungesema tu! Neno moja: nilikwenda kumbadilishia shemeji kufuli, amepoteza funguo. Ungelala kwako siku hiyo hiyo. Na ulininyima na mimi kulisema. Mtu gani anabana neno la kumtoa ndani? Hiyo sasa si haki ya kunyamaza, huo ni ukaidi."

Alinitazama kwenye kioo. Akaniacha nimalize, kama kawaida yake. Kisha akauliza, "Ile pete yako. Ilikuwa na funguo zipi?"

"Zipi! Za kwangu. Wa mlango huu, wa nyumbani, wa kabati, na ule mdogo wa shaba wa..."

Mashine ilikuwa inanguruma hewani, haigusi kitu.

"Wa stoo," akasema shemeji. "Niliuchonga mimi. Yule binti wa duka la jirani ndiye aliyenituma."

Sikuweza kuizima mashine. Aliinua mkono akaizima yeye.

Nikayaona yote kwa mpigo mmoja. Aliniuliza, zote? Nami nikamjibu, zote, pete nzima. Stoo ilipoibiwa alijua kabla ya polisi kwamba imefunguliwa kwa ufunguo wa pete yangu. Angejibu swali moja tu, ulikwenda kufanya nini, lingefuata la pili, funguo gani, na la tatu, na angekuwa ametoka yeye nimeingia mimi: mtu mwenye ufunguo wa stoo ambao mwenye stoo hajui kama upo, mtu aliyedanganya polisi kwamba shemeji alikuja kumsalimia. Nani angeniamini? Na kwa mdomo wangu huu, ningejitetea mpaka nikafungwa. Alilala kwenye saruji ile huku wakimwita mwizi, akaniachia mimi nilale kwangu na dada yake na watoto wetu. Na mimi nilikuwa nimemwita mkaidi sasa hivi, kwenye kiti changu, huku benchi zima likisikia.

Nilitaka kumwambia ahsante. Nilitaka kumwomba radhi. Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyenikataza, na hakikutoka kitu. Nililia tu, nimeshika mashine iliyozimwa.

Kule nje mtu akauliza, "Chiriku, vipi, kitana tena?" Watu wakacheka.

Shemeji akajiweka sawa kwenye kiti, akavuta kitambaa kikae vizuri shingoni. "Shemeji," akasema polepole, "usininyoe kimya kimya. Utanikata sikio. Nisimulie kitu."

"Kitu gani?"

"Ile harusi ya dada yako."

Nikapangusa uso kwa kiganja. Nikawasha mashine, nikaanza na posa, sauti ikinikatika kila mahali. Hakutikisa kichwa hata kidogo mpaka mgeni wa mwisho alipopata viatu vyake.